Sura ya Saba: Mkono Begani

"Ulimsukuma?"

"Sikumsukuma, afande. Nilimgusa."

"Ulimgusa wapi?"

"Begani. La kushoto. Nilikuwa na gunia kichwani, nataka kupita."

"Ukamgusa, akaanguka."

"Akageuka kwanza. Aligeuza kichwa haraka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Halafu macho yake yakawa yanakimbia, afande. Yanakimbilia upande mmoja, yanarudi, yanakimbia tena. Akanyoosha mkono anishike, akashika hewa."

Mpelelezi, ambaye kituo kizima kilimwita Kobe kwa mwendo wake wa taratibu, aliweka kalamu chini. Alimtazama kijana aliyekaa mbele yake kwenye benchi, hana mkanda, hana viatu, unga umemganda kwenye nyusi mpaka anafanana na babu. Alikuwa mahabusu tangu baba mkwe wake alipoanguka kutoka darini kwenye kiwanda cha unga na kufa hapohapo sakafuni. Mchana huu alikuwa apelekwe mbele ya hakimu, asomewe shtaka la kuua. Shtaka hilo halina dhamana. Ukishasomewa, unapelekwa gereza la mahabusu, na huko kesi huzeeka pamoja na wenyewe.

"Watu wote kiwandani wanasema hamsemezani."

Kijana aliinamisha kichwa. "Mimi nilikuwa namwamkia kila asubuhi. Shikamoo, baba. Haitikii. Ananipita kama kiti. Nikamuuliza mke wangu, baba yako nimemkosea nini? Mke wangu akalia. Sasa mtu unanyamaziwa na mkweo mbele ya watu, siku nenda siku rudi, utafanya nini? Nikaacha kumwamkia."

"Ukamkasirikia."

"Niliumia, afande. Kuumia na kuua si ndugu."

Nje ya chumba, mkuu wa kituo alikuwa anamsubiri akiwa na faili kwapani.

"Kobe, faili limeiva. Kuna maiti, kuna ugomvi, kuna shahidi aliyeona kwa macho. Unataka nini tena, keki?"

"Nataka kujua kwa nini mtu aliyezeekea darini aanguke kwa kuguswa bega."

"Kwa sababu hakuguswa. Alisukumwa."

"Nipe mpaka mchana, mkuu."

"Mchana ukifika, gari linaondoka. Na wewe unavyotembea, ungeanza kuondoka sasa hivi."

Getini alisimama mama wa yule kijana, ameshika bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa hapo jana, na alikuwa hapo leo kabla ya wafagiaji. Alipomwona Kobe hakusalimu.

"Amekula, baba?"

"Atakula, mama. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nyumbani kuna nini?"

Mama yeyote aliyewahi kusimama nje ya mlango uliofungwa, mwanawe akiwa ndani, anajua kwamba miguu haichoki. Unaweza kusimama mpaka mwisho wa dunia. Kobe alipanda gari, akamwambia dereva amkimbize kiwandani.

Shahidi alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilitazamana na kiwanda, na kutoka kwenye kiti chake aliuona vizuri ule mlango wa juu, mlango wa darini, unaoachwa wazi mchana kutwa ili vumbi litoke.

"Nilimwona kwa macho yangu haya mawili," alisema fundi, msumari ukiwa katikati ya meno. "Alimsukuma. Nitasema hata mbele ya malaika."

"Toa msumari kwanza, usije ukaumeza ushahidi. Simama. Mimi ndiye marehemu, wewe ndiye mkwe. Nifanyie alichofanya."

Fundi alisimama, akafuta gundi kwenye aproni, akazunguka nyuma ya Kobe. Akampiga begani kwa vidole. Pa. Mara moja.

"Hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mbona mimi sijaanguka?"

"Afande, wewe una mwili, Mungu akuzidishie. Yule mzee alibaki mifupa na kofia."

"Alikonda tangu lini?"

"Mwaka huu wote. Ulevi, afande. Alikuwa anakuja kazini anapepesuka, ameshika ukuta. Asubuhi! Kulewa jioni ni tabia, lakini kulewa asubuhi ni kipaji."

"Uliwahi kusikia harufu ya pombe?"

Fundi alifikiri. "Mimi hapa harufu ninayoijua ni ya gundi tu."

"Kwa hiyo ulimwona mtu anayepepesuka, akaguswa bega, akaanguka."

"Ukisema hivyo, inakuwa kama... Lakini nilimwona akimsukuma!"

"Umenionyesha hapa ulichokiona," Kobe alisema. "Kaa chini, fundi. Endelea na viatu."

Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida. Njaa haina matanga. Kobe alipoingia mlangoni, masikio yake yalizibwa na ule mngurumo kama yamejazwa pamba. Watu walipishana na magunia kichwani, weupe kuanzia nywele mpaka kucha, na hakuna aliyefungua mdomo. Mtu mmoja alimpiga Kobe begani mara moja, kulia. Kobe alibaki amesimama akishangaa. Yule mtu akampiga tena, kwa ukali zaidi, akampita kwa hasira.

Msimamizi alimvuta Kobe mpaka kwenye chumba kidogo chenye mlango wa bati, akaufunga.

"Ungesogea, afande. Amekuomba njia."

"Kwa kunipiga?"

"Hapa masikio tunayaacha nje. Bega la kulia, nampita mtu kulia. Bega la kushoto, nampita kushoto. Ukigongwa mgongoni katikati, simama hapohapo, kuna mzigo unashuka. Hata mimi msimamizi nikimtaka mtu namgusa."

"Kwa hiyo kijana alipomgusa mzee bega la kushoto..."

"Alimwomba njia. Au alimsukuma akajifanya anaomba njia. Mimi sikuwepo darini. Mimi najua walikuwa wamenuniana."

"Marehemu alikuwa mgonjwa?"

"Hapana," msimamizi alijibu haraka. "Mimi sina wagonjwa. Unga ni chakula cha watu. Mteja akimwona mtu anakohoa juu ya unga, kesho haji, na anayefuata haji. Nikisikia kikohozi, mtu anatoka nje, harudi. Wanajua."

"Ukisikia," Kobe alisema. "Kwenye kelele hii?"

Msimamizi alitazama mlango wa bati.

Kobe alipanda darini mwenyewe. Ngazi ilikuwa ya mbao, imelainishwa na nyayo. Alipofika juu alisimama akihema. Kule juu hewa haikuwa hewa. Vumbi la chini lote lilipanda huko likakaa, likaning'inia kwenye mwanga wa ule mlango, na kila pumzi ilikuwa kama kumeza kijiko cha unga mkavu. Upande mmoja kulikuwa na mdomo wa mashine ambamo nafaka humiminwa. Upande wa pili dari ilikatika, na chini yake kulikuwa na sakafu ya saruji. Ukingoni hapakuwa na kizuizi chochote. Kilikuwepo zamani, matundu ya misumari yalibaki. Kilitolewa kwa sababu magunia yalikuwa yakikwama.

Alianza na ukuta. Unga na mafuta ya mashine vilikuwa vimeufanya kama karatasi, na juu yake palikuwa na alama za viganja. Kiganja, kiganja, kiganja, kutoka kwenye ngazi mpaka kwenye mdomo wa mashine, na kutoka hapo mpaka kwenye kona. Mtu alikuwa akitembea humu kwa kushika ukuta, kila siku, mpaka mkono wake umejichorea njia. Mlevi hashiki ukuta palepale kila siku.

Juu ya zile alama palikuwa na nyingine, chache, kubwa zaidi, za mtu mrefu.

Kwenye kona, nyuma ya magunia matupu, palikuwa na mahali pa kukaa. Gunia limekunjwa kama mto, limeegeshwa ukutani. Chini yake kulikuwa na makopo mawili, yote yamejazwa pumba. Kobe alichokoa pumba kwa kalamu, kisha akaziacha haraka. Alijua alichokiona. Makohozi, na kwenye kopo moja makohozi yana rangi ya kutu.

Alishuka taratibu kuliko kawaida yake. Chini, dereva alimtazama akakunja uso. "Afande, umekuwa mweupe kama mzungu wa kuchora."

"Hospitali," Kobe alisema, na kikohozi kikamkata.

Daktari aliyempasua marehemu alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kukaa. Kobe alimkuta kwenye korido, naye akamsikiliza huku akitembea.

"Aliyekufa ni yule wa kiwanda cha unga? Fuvu lilipasuka alipogonga saruji. Niliandika."

"Na mapafu?"

Daktari alipunguza mwendo. "Hujaniuliza kuhusu mapafu. Faili liliniuliza kilichomuua."

"Nakuuliza sasa."

"Yalikuwa mabaya. Mapana, yamelegea, yamejaa hewa isiyotoka, kama mfuko uliotumika mpaka ukachoka. Hiyo ni kazi ya miaka ya vumbi na moshi. Mtu yule kupanda ngazi ilikuwa adhabu."

"Daktari, mtu mwenye mapafu hayo anaweza akaacha kuitikia salamu?"

Daktari alisimama kabisa. "Rudia."

Kobe alirudia. Akamweleza ukuta, viganja, kupepesuka, kukaa kimya mtu akiamkiwa. Daktari alimvuta pembeni, kwenye dirisha.

"Ndani ya sikio, nyuma kabisa, ndani ya mfupa, kuna kidude kidogo, hakizidi punje ya njegere. Kina kazi mbili. Kinasikia, na kinakuambia kama umesimama wima au umeinama. Damu ndiyo inayokipelekea hewa, na mshipa wake ni mmoja, mwembamba kama uzi. Ukikosa, hakuna wa kusaidia. Sasa mapafu yakichoka, damu inabeba hewa kidogo. Mguu utavumilia. Kile kidude hakijui kuvumilia."

"Kwa hiyo kifua kinaua sikio."

"Usinilishe maneno. Waliochunguza wanasema wenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu wanapata shida ya kusikia na kizunguzungu kuliko watu wengine. Si wote. Na kwa nini hasa, bado wanatafuta. Halafu kuna sindano. Zipo dawa za sindano ambazo mtu akichomwa ovyo, bila kupimwa, zinakwenda kuharibu sikio hilohilo. Wengi wenye kikohozi cha siri hujichomesha mitaani."

"Jambo la mwisho. Macho kukimbilia upande mmoja, yakarudi, yakakimbia tena?"

Daktari alimkazia macho. "Nani amekuambia hayo?"

"Mtuhumiwa. Anasema aliyaona kabla mzee hajaanguka."

"Yeye ni mbeba magunia?"

"Ndiyo."

"Basi hakuyatunga. Sikio la ndani likivurugika ghafla, macho hufanya hivyohivyo. Mtu akigeuza kichwa upesi, dunia inapinduka. Angekuwa kitandani, angeshika kitanda."

"Utaniandikia hilo?"

"Nitaandika kwamba inawezekana. Zaidi ya hapo siwezi kuapa. Kuufungua mfupa wa sikio na kuuchunguza ni kazi ya majuma, na hapa hatuna vifaa."

Kobe alimpigia simu mwendesha mashtaka akiwa ameegemea gari. Walifahamiana muda mrefu, na mwendesha mashtaka hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na majalada mengi kuliko masikio.

"Inawezekana?" sauti ilisema upande wa pili. "Kobe, hata mimi kuwa mfalme inawezekana."

"Kijana hana hatia."

"Nina shahidi anayesema alisukuma. Wewe una sikio la maiti. Niletee mtu mmoja, mmoja tu, aliyemwona yule mzee akipepesuka kule darini bila kuguswa na mtu. Nitasimama mwenyewe niombe shtaka lisisomwe. Ukichelewa, nalisoma."

Simu ikakatika. Jua lilikuwa limekaribia utosi.

Msibani watu walikuwa wamejaa uani. Wanaume wa kiwandani, walioruhusiwa kuja kuzika, walikaa upande mmoja kwenye viti vya kukodi, wameoga, lakini unga haukutoka kwenye mikunjo ya shingo. Msimamizi alikuwa kati yao, amevaa shati lililopigwa pasi. Jeneza lilikuwa tayari chini ya turubai. Kobe alipita pembeni, akaomba kuonana na mjane.

Mjane alikuwa chumbani, amekaa sakafuni kwenye mkeka. Binti yake, mke wa yule kijana, alikuwa amejiinamia kando yake, macho yamevimba. Wanawake wengine walitolewa nje.

"Umekuja kunipa pole, au umekuja kuniambia muuaji wa mume wangu anaendeleaje?" mjane aliuliza. "Nasikia mnamlisha."

"Mama!" binti alisema.

"Nini, mama? Aliacha hata kumwamkia baba yako. Watu wote walimwona."

Kobe hakukaa. Alikuwa anatazama kitanda. Kwenye kichwa cha kitanda palikuwa na mito, na juu ya mito koti limekunjwa, na juu ya koti shuka, kilima kizima. Hakuna mtu analalia kilima. Mtu huegemea.

"Mzee alikuwa analala amekaa," alisema.

Mjane aliufuata mtazamo wake mpaka kitandani.

"Akilala chali anakosa pumzi. Sivyo, mama? Na kikohozi chake kilianza lini?"

"Mume wangu hakuwa na kikohozi."

"Nani alikuwa anamchoma sindano?"

"Nimesema hakuwa na kikohozi!"

"Mama, sema," binti alisema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza wewe. Nilimwapia baba yako. Nilimshika mkono nikamwapia." Mjane alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. "Mnataka niseme nini? Kwamba alikuwa anakohoa mpaka anatapika? Mtaa mzima umekula unga ule. Wanawake waliokaa hapo nje wanalilia maiti, nikisema hilo watajililia wenyewe. Nitamtazama nani usoni?"

"Mtazame mimi," binti alisema. Alikuwa amepiga magoti mbele yake. "Baba amekufa, mama. Mimi mwenyewe nimemwosha miguu. Lakini mume wangu yuko hai, na gari linaondoka mchana huu. Usinizikie wawili siku moja."

Nje mtu alikohoa, akajizuia katikati.

Kobe alichuchumaa. Aliuliza kwa upole, lakini hakuzunguka. "Mama, wewe ukimsemesha mzee, alikuwa anaitika?"

Mjane alivuta ncha ya mtandio.

"Inategemea nimekaa upande gani," alisema mwishowe. "Nikiwa kulia kwake, ndiyo. Nikilala kushoto, nasema nasema, kimya. Nilidhani ana mwanamke. Afande, nilimnunia mwezi mzima. Nilimpa mgongo nikasema na wewe ujue kunyamaziwa kukoje." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe mwenzangu wala hakujua nimenuna."

"Na kizunguzungu?"

"Asubuhi akiinuka ananishika kama mtoto anayefundishwa kutembea. Anasema chumba kinazunguka, subiri kitulie. Nikamwambia ni njaa, kula. Nikamwambia ni mawazo. Nilimpa kila kitu isipokuwa daktari."

Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. "Mume wangu alikuwa anasimama kushoto kwake," alisema. "Pale anapomiminia nafaka, ngazi iko kushoto. Alikuwa anamwamkia kutoka kushoto, kila siku."

Kisha Kobe akaeleza kwa kifupi alichosema daktari, na alichosema mwendesha mashtaka.

"Neno lako linanisaidia, mama, lakini halitoshi. Wewe hukuwa darini. Ila kule nimekuta makopo mawili, na viganja vya watu wawili ukutani. Nadhani kule ndiko wanakokwenda wenye kifua, kukohoa bila kuonwa. Wanakimbia jicho la msimamizi, wanakwenda kukaa penye vumbi baya kuliko lote. Mzee alikuwa na mwenzake. Yuko hapo nje kwenye viti. Nikiwauliza mimi watakataa wote, kwa sababu anayekubali anajifukuza kazi."

"Na mimi nikiwauliza?"

"Wewe huvai sare."

Mjane alitazama kile kilima cha mito. Halafu akampa binti yake mkono, akainuliwa.

Walipotokea mlangoni, uwanja ulinyamaza. Watu walidhani wanakuja kuaga maiti. Wanaume wakaanza kusimama. Mjane aliinua kiganja wakae.

"Sina maneno mengi," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mume wangu alikuwa mgonjwa wa kifua. Nilimficha. Alikuwa anakohoa usiku, asubuhi anakuja kuwasagia unga, na mimi nilikuwa najua."

Mwanamke mmoja mbele alijifuta midomo kwa ncha ya nguo, kama vile kuna kitu kimebaki hapo. Mwingine alinyanyuka, akakaa tena. Minong'ono ikapita uwanja mzima.

"Semeni tu, mna haki. Mtanisema mpaka nife. Lakini nisikilizeni kwanza. Kile kifua kilimla sikio. Akawa hasikii upande mmoja, akawa dunia inamzunguka. Ninyi mkasema amelewa. Mimi nikasema ana mwanamke. Mkwe wangu akasema anachukiwa. Hakuna hata mmoja aliyesema mpelekeni akapimwe. Kule kiwandani hamuulizani, mnagusana tu." Aligeukia viti vya wanaume. "Wenye waume na watoto nawaambia, mtu wako akiacha kukuitikia, usimnunie. Akikohoa mwezi wa pili, usimfichie. Na wewe uliyekuwa unakaa na mume wangu kule juu, sikujui. Mimi nimeshajivua nguo mbele za watu. Mkwe wangu anakwenda kusomewa kuua. Kama ulimwona mume wangu akiyumba, sema, baba. Nakuomba."

Wanaume walitazama viatu vyao. Msimamizi alikunja mikono kifuani akawapitia mmoja mmoja kwa macho, na kila macho yake yalipofika, kichwa kilizidi kuinama. Kobe alihesabu warefu. Walikuwa wengi. Alitazama jua. Binti naye alilitazama.

Kiti kimoja nyuma kilisogea.

Aliyesimama alikuwa yule wanayemwita Nguzo, mbeba magunia mwenye shingo kama kisiki, ambaye vijana wa kiwandani walikuwa wanashindana kumwiga. Hakuna aliyemdhania. Msimamizi mwenyewe alifungua mdomo.

"Nguzo, kaa chini."

"Nimekaa sana," Nguzo alisema. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa isiyohitajika, kama mtu asiyejua amesimama karibu kiasi gani na watu. "Mama, ni mimi. Kopo moja ni langu."

"Ulimwona?" Kobe aliuliza.

Nguzo aliendelea kumtazama mjane. Kobe akazunguka, akasimama mbele yake, akauliza tena.

"Nilimwona. Siku chache kabla. Tulikuwa wawili tu, mkwe wake yuko chini kwenye mizani. Hakuguswa na mtu. Aligeuza kichwa kuniangalia, macho yakamkimbia, akawa anakwenda kuelekea ukingoni kama anavutwa kamba. Nilimdaka shati. Likachanika, lakini nilimdaka. Tukakaa chini tukacheka. Akasema, usimwambie mtu. Nikasema, na wewe usiseme ya kwangu."

"Mbona ulinyamaza kijana alipokamatwa?"

"Ningesemaje, afande? Swali la pili lingekuwa, wewe ulikuwa darini unafanya nini."

Msimamizi alisimama, akalikung'uta shati lake lisilo na vumbi, akatoka uwanjani bila kuaga. Hakuna aliyemfuata, lakini wanaume wote walimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona.

"Twende," Kobe alisema. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikimbia.

Nguzo hakukimbia. Alikuja akishika migongo ya viti, kiti kwa kiti, na viti vilipokwisha, mjane akampa bega. Wakamwingiza kwenye gari nyuma, binti akaingia pembeni yake. Dereva aliwasha, akasubiri amri. Kobe alikuwa tayari na simu sikioni, anamwambia mwendesha mashtaka asisome kitu, amepata mtu, yuko njiani. Upande wa pili ulijibu neno moja: "Wahi."

Nguzo alikuwa ameushika mpini wa mlango. Hakuufunga.

"Afande. Nikishasema kule, sina kazi."

"Najua."

"Nina watoto wanne na mama mzee."

Kobe aligeuka kwenye kiti chake, akamtazama. Angeweza kumuahidi kitu. Hakuwa na kitu cha kuahidi.

Binti alikuwa amekodolea macho ule mkono ulioshika mlango. Nguzo aliuona uso wake. Akavuta mlango kwa nguvu mpaka gari likayumba, akakohoa kikohozi kirefu kilichofungiwa miezi mingi, mdomo wazi, bila kuziba, na alipomaliza alipumua kama mtu aliyetua mzigo mbaya.

"Basi mwambie dereva wako aondoke," alisema, "kabla sijashuka."